Ujerumani au Nairobi? Tuanze na umri wa mtoto

Swali

Shikamoo dada. Nasoma safu hii tangu ulipoeleza jinsi ulivyorudi kutoka Ujerumani. Nina miaka 27, ni muuguzi mwenye diploma, nimesajiliwa, na nafanya kazi katika hospitali ya kibinafsi hapa Nairobi. Mshahara ni shilingi 48,000 kabla ya makato. Naishi Umoja na binti yangu wa miaka mitano. Baba yake tuliachana lakini hatuna ugomvi. Mama yangu yuko Bungoma.

Kuna wakala mjini aliyeniambia atanipeleka Ujerumani kwa Ausbildung ya uuguzi, miaka mitatu, nikilipwa huku nikisoma. Anataka laki tatu na nusu, nusu sasa na nusu viza ikitoka. Mama amesema atauza ng'ombe wawili na atabaki na mtoto. Rafiki yangu aliye huko ananiambia kule ndiko kuishi, huku tunasukuma siku tu. Mwingine alirudi baada ya miaka miwili na anaapa kwamba afadhali shida za nyumbani. Mimi sitaki maneno ya jumla. Wewe umeishi kote kuwili. Maisha bora yako wapi, na je, niende?

*Muuguzi, Umoja*

Jibu

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho linakwama pale pale: miaka mitano. Mshahara umeueleza, wakala umemweleza, hata ng'ombe wa mama umewahesabu. Umri wa mtoto umeupitia mbio. Mimi nitaurudia, maana ndio utakaoamua mambo mengi kuliko euro. Ila kwanza nimtoe wakala njiani.

Ausbildung ni mafunzo ya kazi kwa mtu ambaye bado hajaisomea. Wewe umeshasoma. Umevaa sare, umechoma sindano, umezalisha, una namba ya usajili. Kwa nini mtu akurudishe darasa la kwanza la kazi yako mwenyewe? Kwa muuguzi aliyehitimu kuna njia nyingine, ya kuomba cheti chako kitambuliwe. Wajerumani huiita Anerkennung. Unapeleka vyeti, orodha ya masomo na saa za vitendo kwa mamlaka ya jimbo utakakofanya kazi. Wanalinganisha na mafunzo yao ya miaka mitatu, kisha wanakuandikia barua kukueleza kilichopungua. Kilichopungua unakijaza kwa kozi fupi ndani ya hospitali, au kwa mtihani wa vitendo na wa mdomo. Leseni yenyewe inataka Kijerumani cha daraja la B2, la nne kati ya sita. Wakati unajaza pengo hilo unaruhusiwa kufanya kazi kama msaidizi wa uuguzi.

Sasa tazama pesa. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini katika nyumba na huduma za kutunza wazee nchini Ujerumani kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na mafunzo, na euro 20.50 kwa muuguzi kamili. Kwa kima hicho na wiki ya saa 39, muuguzi kamili alipata zaidi ya euro 3,400 kwa mwezi kabla ya makato. Mwaka huo mwanafunzi wa Ausbildung katika hospitali za umma alianza na karibu euro 1,400. Wakala wako anakuuzia miaka mitatu ya nusu mshahara, na anataka umlipe kwa hilo.

Tena anataka laki tatu na nusu! Ujerumani ina alama ya serikali kwa waajiri na mawakala wanaoajiri wauguzi kutoka nje kwa haki, inaitwa Faire Anwerbung Pflege Deutschland. Mwenye alama hiyo analazimika kufuata sharti moja kubwa, kwamba gharama za kumleta muuguzi zinabebwa na mwajiri, si na muuguzi. Muulize huyo bwana kama anaijua. Muulize pia kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira hapa Kenya, na akuonyeshe cheti chenyewe, si picha kwenye simu. Akikutajia ule mkataba wa ajira kati ya Kenya na Ujerumani uliotiwa sahihi Berlin tarehe 13 Septemba 2024 kana kwamba umemwandalia nafasi, kumbuka kwamba mkataba ule haukutaja idadi yoyote ya kazi. Zile 250,000 zilizovuma, wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ilizikana. Mwambie mama asiuze ng'ombe.

Haya, sasa swali lako. Maisha bora yako wapi.

Kuna kipimo cha Umoja wa Mataifa kinachotolewa tangu 1990, kinachojumlisha urefu wa maisha, miaka ya shule na kipato. Katika ripoti ya 2025 Ujerumani ni ya 5 duniani, Kenya ya 143. Silikatai hilo. Nimeishi ndani ya namba ya tano miaka 14 na najua inavyohisi mkononi. Nitakueleza inavyohisi, halafu nitakueleza kilichonitokea ndani yake, uamue mwenyewe.

Nilifika Hannover Oktoba 2008. Kwa mwezi mzima wa kwanza nilikuwa nikijaza ndoo maji usiku kabla ya kulala. Tulikuwa wasichana wawili kwenye nyumba ile, mimi na mmoja wa Ukrania, na asubuhi alikuwa akizikuta ndoo zimepangwa bafuni, ananitazama bila kuuliza. Siku alipouliza nilikosa jibu. Nikafungua mfereji mbele yake, maji yakatoka, nikafunga, nikafungua tena. Sikujaza ndoo tena mpaka niliporudi Kenya mwaka 2022. Leo naishi Donholm, maji yanatoka Jumanne na Jumamosi usiku, na nina pipa la bluu la lita 100 na majerikeni sita yaliyopangwa jikoni kama askari. Nikisikia bomba linakohoa saa nane usiku, ninaamka.

Watu wanaosimulia majuu hawakuelezi hilo. Wanakwambia barabara na magari. Kitu chenyewe ni usingizi. Ni kulala bila kusikiliza bomba, bila kuwaza kama tokeni za stima zitafika asubuhi, bila kupanga utatokaje kama Jogoo Road imefungwa kwa mvua. Tramu yangu ya zamu ya asubuhi ilikuwa saa kumi na moja na dakika 17, na ilikuja saa kumi na moja na dakika 17. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafika kituoni nusu saa kabla, kwa mazoea ya matatu. Baadaye nilitoka nyumbani dakika nne kabla. Hizo dakika ishirini na sita za kila siku nilizipata bure, na nilizitumia kunywa chai nikiwa nimekaa.

Mwaka 2015 nilipasuliwa nyongo. Nililala wodini siku tano. Bili ilikuja kwa posta wiki mbili baadaye: euro 50. Kule mgonjwa mwenye bima ya umma huchangia euro 10 kwa siku ya kulazwa, basi. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi, nikatafuta ukurasa wa pili ndani ya bahasha. Haukuwepo. Nililia pale ngazini, maana baba yangu alikufa Voi mwaka 2006 tukiwa bado tunachangisha.

Lakini katika zile siku tano alinitembelea mtu mmoja. Mwenzangu wa kazini, mama wa Bosnia, alileta malapa na gazeti, akakaa dakika kumi, akaondoka kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza. Majirani zangu wa miaka sita hawakujua kama nimelazwa. Hawakuwa watu wabaya, naomba unielewe. Hakuna aliyewahi kunihitaji wala mimi kumhitaji, basi hatukuwa na sababu ya kugongeana mlango.

Mwaka 2023, hapa, nilivunjika kifundo cha mguu nikishuka matatu ambayo haikusimama sawasawa. Hospitali niliyopelekwa ilikataa kuniingiza chumba cha upasuaji kabla ya amana ya shilingi 150,000. Bima ilikubali sehemu tu. Nililala kwenye kitanda cha magurudumu kutoka jioni hadi adhuhuri ya kesho yake, mguu umefungwa kadibodi, huku kaka yangu Voi na wenzangu wa chama wakitafuta pesa kwenye simu. Mimi ni muuguzi. Nilikuwa naujua mguu wangu, najua kila saa inayopita inafanya nini kwa uvimbe ule. Hasira ile sijaimaliza hadi leo.

Kisha nikarudishwa nyumbani, na kwa wiki sita sikupika. Jumatatu chakula kilitoka ghorofa ya chini, Jumanne kwa mama wa kanisani, Jumatano kwa yule jirani ambaye hata jina lake kamili sikulijua. Mama mboga alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na sukuma wiki iliyokwisha kukatwa, akakataa pesa mara mbili, ya tatu akapokea kwa sababu nilimwambia nitakasirika. Usiku mmoja nilihesabu watu 14 sebuleni kwangu. Wengine wamekaa juu ya majerikeni.

Kwa hiyo ukiniuliza maisha bora yako wapi, nakujibu hivi: kule mwili wangu ulitunzwa vizuri kuliko hapa, kwa haki, bila kumpigia mtu magoti, na ningetamani kila Mkenya apate ile bahasha ya euro 50. Hapa nilitunzwa na watu waliojua natia sukari ngapi kwenye chai. Sitakudanganya kwamba kimoja kinafidia kingine. Havifidiani. Aliye huko anasema ukweli, na aliyerudi anasema ukweli.

Kazi yenyewe nitaipitia haraka, maana unaijua. Ni ngumu. Nilifanya katika nyumba ya wazee, na zamu ya usiku nilikuwa peke yangu na wazee 42. Wengine walikuwa wakiniita mtoto wao, wengine walikuwa wakikataa mkono mweusi uwaguse hadi waishiwe nguvu za kukataa. Sheria inakupa siku 20 za likizo kwa mwaka kwa wiki ya siku tano, na waajiri wengi wanatoa zaidi. Ukiugua unalipwa mshahara kamili wiki sita. Giza la Desemba lizoee mapema: jua linatoka baada ya saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama. Ukiingia zamu ndefu hulioni kabisa. Nunua taa nzuri na uende kwaya, au popote penye watu, hata kama hupendi kuimba.

Sasa mtoto.

Mimi niliondoka na mwanangu ana miaka sita. Nilikuwa na miaka 25, nimekwenda kwa mwaka wa kujitolea, kisha nikaingia Ausbildung ya kutunza wazee, maana mimi sikuwa na diploma kama wewe. Nilimwacha Voi kwa mama. Nilisema mwaka mmoja. Ikawa minne. Mwanafunzi wa Ausbildung hana mshahara wala nyumba ya kutosha kumridhisha afisa wa uhamiaji kwamba ataweza kumlisha mtoto; mimi nilikuwa na chumba cha mita za mraba 14. Kila Jumapili nilinunua kadi ya simu ya euro tano, nikakwangua namba, nikapiga. Mwaka wa kwanza alikuwa ananisimulia mpaka kadi inakatika. Mwaka wa tatu mama alikuwa anamsukuma aje kwenye simu, na namsikia anauliza kwa sauti ya chini, “Niseme nini?”

Agosti 2012, baada ya kupata cheti na kazi ya kudumu, nilimpokea uwanja wa ndege wa Hannover. Alikuwa na miaka kumi. Alitoka na mhudumu wa ndege, amevaa shati alilonunuliwa na bibi yake, lenye alama za mkunjo bado. Nikakimbia. Yeye akasimama wima, akanyoosha mkono, akaniamkia: “Shikamoo.” Kama anavyoamkia mgeni aliyekuja nyumbani na mkate. Niliitikia marahaba, nikaushika ule mkono. Usiku aliota ndoto mbaya, akaita “Mama!” Nikaruka kitandani. Aliponiona akageukia ukuta. Hakuwa ananiita mimi.

Tumepatana, Mungu ni mwema. Ana miaka zaidi ya ishirini sasa, yuko huko huko, fundi umeme, ananipigia bila kusukumwa na mtu. Lakini ile miaka minne haikurudi, na hakuna mshahara wa Ujerumani ulioinunua. Ninakuandikia haya ili usikie kutoka kwa mtu aliyeyafanya.

Na kuna jambo la shule ambalo wakala hatakwambia kwa sababu halimhusu. Jimbo la Niedersachsen nililoishi, kama majimbo mengi ya Ujerumani, huwagawanya watoto baada ya darasa la nne, wakiwa na miaka kumi hivi. Wengine wanaelekezwa shule ya kuandaa chuo kikuu, wengine ya ufundi na kazi za mikono. Mtu anaweza kuhamia upande wa pili baadaye, ila si rahisi. Mwanangu alifika ana miaka kumi kamili, bila neno la Kijerumani, wiki chache kabla ya masomo ya darasa la tano. Alikuwa wa tatu katika darasa lake Voi, anapenda hesabu. Walimweka shule ya ngazi ya chini kwa sababu hakuweza kusoma swali la hesabu. Sikuwalaumu walimu wale, walikuwa na watoto 24 na hawakuwa na mtafsiri. Nimejilaumu mimi na kalenda yangu.

Ichukue kalenda hiyo uijaze na maisha yako. Ukienda kwa Ausbildung: mwaka mmoja wa Kijerumani hapa Nairobi, miaka mitatu ya mafunzo, miezi ya kutafuta nyumba na viza ya mtoto. Binti yako atakuwa na miaka tisa na nusu au kumi. Atafika pale pale mwanangu alipofika. Ukienda kwa njia ya kutambuliwa cheti: mwaka mmoja wa Kijerumani, uanze taratibu za vyeti ukiwa bado hapa, na mambo yakienda vizuri mwaka mmoja huko hadi leseni. Atakuwa na miaka saba. Mtoto wa miaka saba akiingia darasa la kwanza au la pili la Kijerumani, kufikia Krismasi anakurekebisha matamshi. Nimewaona kwa macho yangu, watoto wa wenzangu.

Ndiyo maana nasema: nenda. Nasema nenda kwa sababu una miaka 27 na 48,000 kabla ya makato, na kwa sababu najua Umoja ukiwa peke yako na mtoto mwenye homa usiku inakuwaje. Lakini nenda kwa njia inayomfikisha binti yako kabla ya miaka minane, au usiende. Anza Kijerumani wiki hii. Goethe-Institut iko Maendeleo House, katikati ya mji, na mitihani yao inakubalika. Ukimaliza B1 anza kuwaandikia waajiri moja kwa moja, na katika barua ya kwanza, si ya tano, waulize watakusaidiaje kupata nyumba ya vyumba viwili, kwa sababu viza ya mtoto inategemea nyumba na mshahara. Mwajiri anayelikwepa swali hilo mwache.

Baba wa mtoto mkalishe chini sasa, wakati hamna ugomvi. Ubalozi utataka ridhaa yake kwa maandishi, au amri ya mahakama kwamba malezi ni yako peke yako. Nimeona akina mama wamekwama mwaka mzima kwa sahihi moja ya mwanamume aliyekuwa rafiki walipoondoka na si rafiki tena waliporudi kumwomba.

Na ule mwaka utakaokuwa mbali naye, usimpigie simu kumwuliza shule ikoje. Soma naye kitabu kimoja, wewe una nakala na yeye ana nakala, kurasa mbili kila jioni. Siku hizi kuna simu za video, hamtakatiwa na kadi ya euro tano. Mama yako mwombe kitu kimoja tu: mtoto amwite yeye bibi.

Swali

Hujambo dada. Kaka yangu yuko Düsseldorf tangu 2022, anafanya kazi ya ghala. Alituambia mshahara wake ni euro 2,500. Nimepiga hesabu kwa 150, ni shilingi 375,000. Tulipomwomba 150,000 za karo ya mdogo wetu alituma 20,000 akasema hana zaidi. Mama analia kwamba ametusahau. Je, anatudanganya?

*Kijana wa Kawangware*

Jibu

Sijambo, mdogo wangu. Hawadanganyi. Amekosea kitu kimoja, kuwatajia mshahara kabla ya makato, na kosa hilo tulilifanya sote.

Mtu asiye na mke wala mtoto akipata 2,500 kule, serikali na bima zinachukua zake kwanza: kodi ya mapato, pensheni asilimia 9.3, bima ya afya, bima ya kukosa kazi, bima ya kutunzwa uzeeni, ambayo asiye na mtoto anaikatwa zaidi. Mkononi anabaki na chini kidogo ya 1,800. Chumba na jiko katika mji kama ule, pamoja na kupasha joto, hesabu 700. Stima na intaneti, 90. Kila nyumba inalipa ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Tiketi ya mwezi ya usafiri ilianza kwa 49 mwaka 2023, na 2025 ikawa 58. Chakula 280 akijipikia, simu 15. Zimebaki kama 640, na hapo hajanunua koti, hajalipa deni la safari kama analo, hajaweka hata senti ya nauli ya kuja kumwona mama.

Laki moja na nusu mliyomwomba ni euro 1,000. Mlimwomba zaidi ya kila kilichobaki.

Nami nilikuwa kama yeye. Mwaka 2014 nilikopa benki kule ili mabati ya nyumba ya mama yafike kabla ya mvua za vuli, kwa sababu niliona haya kusema sina. Nililipa miaka mitatu. Mama alikufa 2016 akiamini nilikuwa na pesa, na mimi sikumwona miaka miwili ya mwisho kwa sababu nauli ilikuwa inaingia kwenye deni la mabati. Ningeweza kumwambia. Angeezeka nusu nyumba tukaonana.

Benki Kuu ya Kenya ilihesabu zaidi ya dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje mwaka 2024. Zimejengwa na elfu ishirini ishirini kama ile ya kaka yako.

Mwonyeshe mama hesabu hii, umsomee mstari kwa mstari kwa shilingi. Kisha Jumapili mpigie wewe, kwa gharama yako, mapema alasiri wakati maduka ya kule yamefungwa na hana pa kwenda. Usitaje karo. Mpe mama simu, amweleze ng'ombe gani amezaa, nani ameoa, na kama ile miembe imeshika maua.